Mgao wa Mwakani

Meza yangu ilikuwa ghorofa ya pili, Ruwi,
dirisha likitazama maegesho ya magari na mlima mkavu
ambao saa sita mchana ungedhani umepigwa pasi.
Mhuri ulikuwa wangu. Wino wa buluu:
wizara ilisema mweusi ni rahisi kughushi.

Nguo hazikuwa nguo pale.
Suruali za pamba, fungu. Mashati ya kufumwa, fungu.
Chupi na magauni ya kulalia nayo fungu,
na Bwana Muhanna wa meza ya pili
aliigeuza karatasi hiyo kifudifudi kila wageni walipoingia.

Tulihesabu kwa dazeni.
Dazeni elfu tisa na mia nne kwa Dwarkadas wa Rusayl,
kwa kuwa mwaka wa nyuma alimaliza zake zote.
Ukiuacha mgao ulale, mwakani unakatwa.
Ukiumaliza mapema, unakaa unazitazama cherehani.
Ndiyo maana ikifika Septemba ngazi zetu zilijaa viatu:
aliyebakiza akimtafuta aliyepungukiwa,
na sheria ikauita mpango wao "uhamisho",
neno jeupe, halina bei.
Bei walitajiana chini, karibu na mashine ya chai.

Mama akinipigia simu kutoka Al Khuwair:
"Wenzio wakiniuliza kazi yako niseme nini?"
Sema nagawa suruali.
"Unamgawia nani?"
Wamarekani, Mama.
"Kwani wao hawana mafundi?"
Yeye doti moja ya kanga aliikata kwa meno,
kipande changu, kipande cha Zuweina,
wala hakutuomba leseni.

Mwaka wa mwisho, Oktoba,
Dwarkadas alikuja na msimamizi wake, Nilmini,
aliyebeba sampuli ndani ya boksi la maembe.
Mzee alijua Kiswahili cha dukani,
cha kuhesabu na cha kutukana; siku hiyo alitumia kingine.
"Dada, nimeishiwa. Niazime kwenye wa mwakani.
Asilimia sita tu. Sheria inaruhusu."

Inaruhusu, kweli. Kila mwaka nilimwazima.
Nikafungua daftari, nikafunua ukurasa,
nikafunua tena, kama ambaye sikujua.
"Mwakani hakuna mgao, Bwana."
"Wamenifuta?"
"Hapana. Wamefuta mgao. Kila mtu atapeleka atakacho."

Alitabasamu kwanza.
Halafu tabasamu likabaki usoni, mwenyewe ameshaondoka.
Maana Rusayl hakufuata pamba,
wala uzi, wala vifungo, wala maji;
hata mafundi aliwaleta kwa ndege.
Kwao fungu lilikuwa limejaa, na huku lilikuwa tupu,
akaja kushona pale palipobaki nafasi kwenye karatasi.
Miaka yote akiulaani ule ukuta.
Kumbe ndio aliouegemezea nyumba.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, tuliambiwa.
Mwaka wa kuazima je? Hatukuambiwa.

Nilmini akafungua boksi, hakuna aliyemwomba.
Akatandaza suruali juu ya fomu zangu,
akanionyesha tundu la kifungo kwa ncha ya kidole.
Sikujua niseme nini. Nikasema, nzuri.

Januari simu ilinyamaza hata nikadhani imekatwa.
Mhuri niliufungia kwenye droo, tarehe yake
ikiwa bado tarehe thelathini na moja.
Bwana Muhanna akahamishiwa mizani na vipimo.

Machi nilimpeleka Zuweina uwanja wa ndege, Sib.
Wanawake kama arubaini wamekaa sakafuni,
mabegi yamefungwa kwa vitambaa vya pindo,
na mmoja akanyanyuka, akanijia.
Amevaa ile suruali.
Kwa Kiarabu cha kiwandani akaniambia,
"Hii ilizidi. Haikupata mhuri wako."
Akageuka kidogo ili niuone mshono wa nyuma,
umenyooka kama mstari wa daftari.

Nami, kwa mazoea tu, Mungu anisamehe,
nilihesabu:
moja.
Sehemu ya kumi na mbili ya dazeni.